Shikamoo ya Mtani

Maneno yale yalimganda Sijaona kama kupe. Alitoka nayo Newala, akalala nayo Kitangari, na siku ya tatu akaingia nayo sokoni Masasi: Ngazi zimeshaomba mtu.

Ngazi ilikuwa njia ya maji. Kule juu Newala hakuna mto wala kisima. Maji yako chini bondeni, na kati ya watu na maji yao pana mteremko uliosimama kama ukuta. Mdachi alipojenga boma lake aliamrisha wenyeji wachimbe vipandio katika mteremko ule, wasimike nguzo upande wa korongo, na wafunge kamba nene ya gome toka nguzo hadi nguzo, iwe ya kushikia mkono. Watu wakapaita Ngazini. Kiangazi cha kwanza baada ya vita vya Maji kuzimwa, mwanamke wa Mkunya alianguka pale na mtungi wake. Kiangazi cha pili akaanguka mwingine. Ikavuma kwamba chini ya vipandio kumefukiwa dawa ya vita, kwamba pana mzimu, na kila kiangazi unataka mtu mmoja. Kiangazi cha tatu kilikuwa ndicho hiki, na mtu wake alikuwa hajapatikana bado.

"Unatembea kama umebeba jiwe kichwani," mjomba wake Shamte alimwambia. "Mikeka tu hiyo."

"Nimechoka, mjomba."

Soko lilikuwa limefurika. Palinuka nta, samaki wakavu, chumvi ya pwani na jasho la wapagazi. Sijaona alikuwa amejifunga kaniki mpya kifuani, shanga nyekundu shingoni, na nembo za mashavuni ziking'aa kwa mafuta ya ufuta. Wanaume walikuwa wakigeuka kumwangalia, yeye hana habari. Alikuwa akiangalia kibanda cha muuza kamba, maana pale palikuwa na kichekesho.

Kijana mwenye kofia ya kufuma na shuka nyeupe alikuwa amening'inia kwenye kamba iliyofungwa darini, miguu imekunjwa, anabembea.

"Shuka wewe! Utanivunjia kibanda!" muuza kamba alilia.

"Afadhali kivunjike kibanda chako kuliko kiuno cha mtu," alijibu yule aliyening'inia. Akabembea tena.

Sijaona akashindwa kujizuia. "Kaka, kamba hiyo unainunua au unataka kulala kama popo?"

Yule kijana akageuza shingo. Akamwona. Akasahau kushika vizuri, akaanguka kwa makalio, vumbi likapaa, na soko zima likacheka.

"Kamba nzima," alisema pale chini akijipangusa. "Mbovu ni mimi."

Shamte naye alikuwa anacheka. Akamuuliza ametoka kwa nani. Kijana akajitaja: yeye Mrisho, wa hapa Masasi, na wajomba zake wako Chidya. Alipotaja ukoo wa mama yake, Shamte aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Watani! Ninyi ndio mliomla mbuzi wa matanga ya babu yangu mkatuachia pembe!"

"Hata pembe tulizisahau tu," Mrisho alisema, na papo hapo akamnyang'anya mzee kofia yake, akaivaa juu ya kofia yake mwenyewe.

Hivyo ndivyo ilivyo. Koo zile mbili zilizikana tangu mababu. Mtani hapewi shikamoo. Ukimkuta mtani unamtukana, unambeba kuku wake, unamwambia mbona nilisikia umekufa, naye hakasiriki, kwa kuwa siku akifa kweli ni wewe utakayemwosha. Ila neno la mtani halichukuliwi. Linaingia sikio hili, linatokea lile.

"Na huyu," Mrisho alisema akimnyooshea kidole Sijaona, "ni mke wangu. Nimemwona, nimemchukua."

"Mchukue!" Shamte alisema. "Utamweza? Anakula kama nzige."

"Nitalima."

"Utalima na nini, na mikono hiyo ya kushikia kamba?"

Hapo Mrisho akasema anakokwenda. Akida wa Newala alikuwa amemwita akatunze Ngazi, awe fundi wa njia ile, apime nguzo na kubadilisha kamba.

Kicheko cha Sijaona kikakatika. "Usiende kule. Pale pana mzimu. Kila kiangazi unachukua mtu."

"Umeuona huo mzimu?"

"Hauonekani."

"Mimi nimeuona, sehemu nyingi," Mrisho alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilitulia. "Ni mweupe, mdogo kama punje ya mchele. Unaingia mtini kwa chini, unakula ndani, unaacha ganda. Unaitwa mchwa."

Sijaona alimtazama asijue acheke au aamini. Huyu ni mtani. Lakini usiku ule alilala usingizi mzuri, wa kwanza tangu Newala.

*

Mrisho alipanda Newala baada ya siku nane, shoka begani na mzigo wa kamba mgongoni. Kazi yake watu waliishangaa. Alikuwa akipita kila nguzo, anaigonga kwa kisigino cha shoka, kisha anategesha sikio kama mkunga. Nguzo nzima ililia ngo! Mbovu ililia bu.

Akaweka na sheria. Njia ni nyembamba, na kwenye kona watu wawili wenye mizigo hawapishani. Basi anayetaka kushuka apige ukelele juu, asitie mguu mpaka aitikiwe kutoka chini. Wanawake walinung'unika siku mbili, kisha wakaupenda ule ukelele kuliko ngoma, hasa zamu ya Sijaona ilipofika.

"Huuu! Nashukaaa!"

"Nani anashuka?" Mrisho aliuliza kutoka chini.

"Mke wa akida!"

"Sauti ya mke wa akida ninaijua, ni kama chura. Huyo ni mke wangu!"

"Mke wako yuko Masasi anakusongea ugali!"

"Masasi nimeacha mama yangu na kuku saba!"

"Basi rudi ukaoe kuku!"

Bonde zima lilijaa vicheko. Adija, rafiki yake Sijaona, alikuwa akicheka mpaka anakaa chini. "Mwenzangu," alisema, "huyu mtani wenu ana koo, lakini ana macho pia. Macho hayo hayatanii."

"Usinitie maneno."

"Mimi? Mbona bungo lile bivu alikupa wewe peke yako, sisi akatupa makokwa?"

Kweli alikuwa akimpa mabungo. Katikati ya mteremko alikuwa amechimba mahali pa kupumzikia, na Sijaona akifika pale na mtungi wa maji, Mrisho humtua bila kuombwa. Wanakaa kidogo. Anamwambia habari za Masasi, naye anamwambia habari za mama yake, Somoe, mjane mwenye ndonya kubwa, kile kipande cha mti cha urembo kwenye mdomo wa juu, na ulimi mkubwa kuliko ndonya. Mkono wa Mrisho ulikuwa mgumu kama gome, na siku moja uligusa wa Sijaona wakati wa kumtwika, ukakawia pale. Hakuna aliyesema kitu. Sijaona alipanda ngazi zote zilizobaki bila kuhisi uzito wa maji.

Ila mdomo wa Mrisho haukuwa na breki. Alimwambia Adija kuna nyoka ndani ya mtungi wake, Adija akautupa mtungi, kumbe hamna hata mjusi. Akavumisha kwamba akida amefariki, vikongwe wawili wakaja na vilio mlangoni pa akida, akatoka mwenyewe akitafuna muhogo. Watu walicheka siku nne. Mtani huyo, wakasema. Haaminiki hata akikuambia jua limetoka.

*

Jumatatu moja wanawake walikuta Ngazi zimependeza. Nguzo zote, juu mpaka chini, zilikuwa zimepakwa chokaa, nyeupe pe, kama meno. Bwana mkubwa wa boma angekuja Jumatano kukagua. Wanawake walipiga vigelegele.

Mrisho alikuwa ameketi pale juu, mikono imejaa chokaa hadi viwikoni. Hakutania. Alisimama akasema, "Jamani, leo na kesho msishike kamba ya konani. Nguzo kumi na moja zimeoza. Ya saba ndiyo mbaya kabisa."

Kisha Adija akasema, "Na mtungi wangu leo una nyoka wa rangi gani?"

Wakaangua kicheko.

"Jana umezipaka, leo zimeoza!" alisema mwingine.

"Anataka tumbebee maji yeye, amekaa!"

"Nasema kweli!"

"Mtani anasema kweli, jamani! Njooni mwone!" Wakampita, kila mmoja akimpiga kikofi cha kichwani, na wengine wakimpaka chokaa yake mwenyewe puani.

Alimfuata Sijaona, akamshika mkono kando ya njia.

"Nisikilize. Nina mambo mawili. La kwanza, nguzo ya saba imeoza. La pili, nakupenda, nataka kuja kwa mjomba wako."

Moyo wa Sijaona uliruka kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Alikuwa akiyangoja maneno yale tangu lini? Lakini akakumbuka: maneno haya haya, mke wangu, mke wangu, si aliyasema sokoni mbele ya wauza chumvi? Si anayapigia kelele bondeni kila asubuhi?

"Kati ya hayo mawili," aliuliza polepole, "la utani ni lipi?"

"Hakuna."

"Na nyoka wa Adija?"

"Ule ulikuwa utani."

"Na kifo cha akida?"

"Utani pia."

"Basi mimi nitajuaje?"

Mrisho akafungua mdomo. Ukweli ulikuwa umejaa kifuani mwake, lakini mdomo ulizoea njia yake. "Utajua," alisema, "tukishapata watoto saba."

Alijuta kabla hajamaliza. Sijaona alikuwa ameshanyakua mkono wake.

"Siku nyingine ukitaka cha kuchezea," alisema, "chezea nguzo zako. Mimi si nguzo."

Jioni ile mama yake alimkuta amekaa jikoni anafuta macho.

"Una nini?"

"Moshi, mama."

"Moshi wa jiko ambalo halijawashwa?" Somoe akakaa kando yake. "Nimeshasikia. Bonde zima limesikia. Mwanangu, mtani ni mtu mzuri wa kukuzika, si wa kukuahidi. Mtani akikudanganya, utampeleka kwa nani? Wote watacheka, na wewe mwenyewe utalazimika kucheka."

"Na kama hadanganyi?"

"Ndiyo shida yake sasa. Mtu aliyekula ahadi zake zote kwa mzaha, siku ya kweli analipa nini?"

*

Jumanne Sijaona aliamka mapema kuliko wote. Hakutaka kumwona, hakutaka kumsikia. Alifika Ngazini kabla ya kundi, na makusudi hakupiga ukelele. Alishuka upesi, mtungi mtupu kichwani, kamba ameigusa kwa vidole tu. Konani kamba ilikuwa imelegea kidogo. Aliona, akapuuza.

Chini alijaza mtungi, akajitwika, akaanza kupanda.

Kushuka na kupanda si kitu kimoja. Mwenye mtungi mtupu anashika kamba kwa adabu. Mwenye mtungi uliojaa anaivuta, ananing'iniza uzito wake wote juu yake, maana vipandio ni virefu na magoti yanakataa. Sijaona alipofika karibu na kona jua lilikuwa limezipiga nguzo zile nyeupe, zinapendeza, ya tisa, ya nane.

"Sijaonaaa! Usipande!"

Sauti ilitoka juu. Aliijua.

"Simama hapo hapo! Usishike kamba!"

"Kwani umeshanioa nikutii?" alijibu kwa sauti kali, akapandisha mguu mwingine.

"Nakuomba!"

"Kaombe mvua!"

Akaivuta kamba. Ikanyumbuka. Nguzo ya saba ilikuwa ubavuni mwake, upande wa korongo, nyeupe, imesimama wima kama askari. Pale juu palizuka kelele za wanawake, vicheko, makofi, kisha ghafla vikakoma vyote, kama moto uliomwagiwa maji. Kimya kile ndicho kilichomfanya Sijaona asite.

Halafu sauti ya mama yake ikashuka mteremkoni, nyembamba, imepasuka:

"Sijaonaaa! Ameniamkia! Amenipa shikamoo, mwanangu! Nami nimemwitikia!"

Mguu wa Sijaona ulibaki hewani.

Mtani hampi mtani shikamoo. Tangu mababu hakuna aliyewahi. Anayemwamkia mtani wake ameuvua utani kama mtu anavyovua nguo, hana tena haki ya kumtukana wala kumbebea kuku wake. Amekuwa mtoto mbele ya mzazi. Mtu hafanyi hivyo kwa mzaha, kwa sababu baada ya hapo mzaha hauko tena.

Sijaona aliiachia kamba kama iliyomchoma. Akaegemea ukuta wa udongo, akakaa juu ya kipandio, akautua mtungi kando. Mtungi ukayumba. Alijaribu kuudaka, akachelewa. Uliviringika, ukaigonga nguzo ya saba, pigo dogo tu, la kumwamsha mtoto.

Nguzo ile haikuvunjika. Ilimwagika. Ganda la chokaa lilipasuka, na ndani hapakuwa na mti, palikuwa na unga na mchwa wanaokimbia. Ikainama, ikaivuta kamba, kamba ikaing'oa ya nane na ya sita, na vyote vikaenda zao korongoni. Sijaona alisikiliza. Ilichukua muda mpaka mtungi uliposikika ukipasuka kule chini.

Akatazama mikono yake. Ilikuwa mizima. Akatazama miguu. Ilikuwepo.

Ndipo jambo likamjia, polepole, kama maji yanavyopanda kisimani. Jana mtu alimwambia mambo mawili kwa kinywa kimoja na pumzi moja. La kwanza limethibitika, limelala korongoni. Basi la pili je?

Akaanza kucheka, machozi yanamtiririka, ameketi peke yake juu ya korongo.

*

Mrisho alishuka kwa kamba yake ya Masasi, ameifunga kwenye mti wa mtondoro kule juu na ncha nyingine kiunoni. Alikuja akichimba mashimo ya miguu ukutani kwa shoka. Uso wake ulikuwa wa majivu.

"Umeumia?"

"Mtungi wa mama umevunjika."

"Nitamfinyangia mwingine."

"Wewe na kufinyanga! Mama atakunywea maji kwenye kofia yako."

Hakucheka. Alimfunga kamba kiunoni, fundo likamshinda mara mbili.

"Mrisho," Sijaona alisema, "lile jambo la pili."

"Lipi?"

"Jana yalikuwa mawili. Moja nimelielewa."

"Hapa? Kwenye genge?"

"Hapa hakuna wa kukucheka."

Akavuta pumzi. "Nakupenda," alisema. "Nakupenda tangu nilipoanguka pale sokoni. Sikuteleza, mikono ilisahau kushika. Nataka nije kwa mjomba wako, nikae chini, niseme kwa adabu. Nimemaliza."

"Hakuna watoto saba?"

"Watakaopatikana."

Sijaona akakaza lile fundo mwenyewe. "Mjomba yuko nyumbani Ijumaa," alisema. "Sasa nipandishe. Na ukiniangusha, nitakusema kwa mama. Umekwisha kumwamkia, huna pa kukimbilia."

Kule juu Somoe alimkumbatia mwanawe mpaka shanga zikakatika. Adija ndiye aliyesema, na alisema kwa wote.

"Mwenzangu, ungeona! Sisi tumekuja kundi zima, mama yako mbele. Huyu amelala katikati ya njia! Tukampiga kwa vibuyu, tunacheka, mimi nimemkalia mgongoni. Analia, nasi tunasema, tazama mtani anavyojua kulia! Mara anainuka, anavua kofia, anapiga magoti mbele ya mama yako, 'Shikamoo, mama.' Mimi kibuyu kilinianguka. Mama yako akamwambia, 'Umesema nini wewe?' Akasema tena, 'Shikamoo, mama. Sijaona yuko chini, na nguzo imeoza.' Mama yako amekaa kama jiwe. Kisha, 'Marahaba.' Halafu ndiyo akapiga lile yowe. Kumbe ana koo hivyo, mama yako!"

"Kwa nini ulizipaka?" Somoe alimgeukia Mrisho. "Ulijua, ukapaka."

Mrisho akainamisha kichwa. "Niliomba siku tatu njia ifungwe, nisimike mpingo. Akida akaniuliza, boma litakunywa nini siku tatu? Akasema bwana mkubwa haji kugonga, anakuja kutazama. Pakeni. Nikaogopa kiboko, mama. Nikapaka."

"Kosa lako hilo."

"Ndiyo, mama."

"Usilirudie."

Jumatano bwana mkubwa alikuja juu ya punda, mwavuli unafuata nyuma. Akida alikuwa ameshatunga lake: fundi huyu wa Masasi amekata nguzo makusudi, ni mtu wa Maji. Askari wawili walikuwa wamemshika Mrisho mikono, na mjeledi uko mezani. Neno lile, mtu wa Maji, lilikuwa limening'iniza wengi kabla yake.

Lakini barazani hapakuwa na maji ya kunywa. Wala ya kunawa. Wala ya punda. Wanawake wa Newala hawakuwa wameshuka siku ile, walikuwa wamekuja bomani wote, na nguzo za Ngazini vichwani mwao badala ya mitungi. Walizing'oa kwa mikono, ndivyo zilivyokuwa. Somoe akaiweka ya kwanza miguuni pa bwana mkubwa, akachukua mchi, akaigonga. Bu. Chokaa ikapasuka, mchwa wakamwagika juu ya viatu vyake vyeusi.

"Mwambie," Somoe alimwambia mkalimani, "shoka halikati hivi. Na mwambie ziko saba nyingine, kama hajatosheka."

Bwana mkubwa alitazama viatu vyake. Akatazama birika tupu. Kisha akamtazama akida, kwa muda mrefu, na akida akaanza kutazama mbingu kama anayetafuta mvua. Askari waliiachia mikono ya Mrisho bila hata kuambiwa.

Njia ilifungwa siku sita. Watu walizunguka kwa njia ya mbali, safari ya nusu siku, na hakuna aliyenung'unika. Nguzo za mpingo zilisimikwa, hazikupakwa kitu, nyeusi kama zilivyo, ili kila mtu azione ndani na nje.

Ijumaa Mrisho alikwenda kwa Shamte, kanzu safi, mikono imeoshwa. Alikaa chini. Alisema kwa adabu. Mzee alimsikiliza huku amenuna.

"Mtani kuoa mtani si tatizo," alisema mwisho. "Tatizo langu ni jingine. Nilikuwa na mtani mmoja tu mwenye mdomo. Sasa umekuwa mkwe, unaniinamia. Siku yangu ikifika, nani atanitukana kaburini?"

"Nitamleta kaka yangu, mjomba. Ana mdomo kunizidi."

"Anakunyang'anya kofia?"

"Hata meno."

Shamte akatabasamu, akamwita Sijaona. "Unamtaka huyu?"

"Muulize mama," Sijaona alisema akiwa amejificha nyuma ya mlango. "Yeye ndiye aliyeitikia."

Somoe akapiga kigelegele pale pale uani, ndonya ikapaa, na Adija akakipokea njiani kabla hata hajajua ni cha nini.

Kiangazi kile kikaisha bila mtu kuanguka Ngazini. Na kile kilichofuata. Habari za mzimu zikafa zenyewe, hakuna aliyezizika.

Waliooana pale walipata watoto, si saba, watano. Na Sijaona alipokuwa akimkabidhi binti mtungi wa kwanza, alimwambia haya, naye binti akayaambia wake, nami nayaweka hapa kwa wenye mabinti:

Usiamini nguzo kwa sababu imepakwa. Igonge.

Usishuke kabla hujaitikiwa, hata kama umegombana na anayeitikia. Hasira haishiki kamba.

Usimsingizie mzimu kazi ya mchwa.

Usitengeneze njia kwa ajili ya mkaguzi. Yeye anapita siku moja.

Ukikuta kamba imelegea, usipuuze, hata kama una haraka. Rudi ukaseme.

Usipake kitu unachojua kimeoza, hata akuamuru nani.

Usimtanie mtu jambo la mapenzi kama unalo kweli moyoni. Na ukitaniwa, usikasirike kabla hujauliza mara ya pili.

Usimtume mtoto maji kwa njia ambayo wewe mwenyewe hujaipita wiki hiyo.